Mahindi ya Bibi Moshi

Haya, wenye presha zenu kaeni chini. Wiki nzima mmenitumia ujumbe mkiniuliza nani alifunga lile kufuli, utadhani funguo nilikuwa nazo mimi. Mmoja kaniandikia kwamba nikimuua Bibi Moshi hatanunua tena gazeti hili. Bibi Moshi ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Tatizo ni mahali alipo.

Yuko ghalani. Ghala lake mwenyewe, la matofali ubavuni na mabati juu, lenye mlango mmoja na kidirisha kimoja cha nyuma kilichozibwa kwa waya wa kuku. Aliingia humo asubuhi na mkamwana wake, yule mshonaji tunayemwita Fundi, kutafuta ushahidi. Wakiwa wameinamia magunia, mlango ukavutwa na kufuli likalia kwa nje.

Kwa waliochelewa kupanda, shida yenyewe ni hii. Mume wa Fundi, ambaye ni mtoto mkubwa wa Bibi Moshi, yuko mahabusu. Kosa lake ni kumuuzia jirani debe moja la mbegu za mahindi. Ni mahindi meupe yenye ncha nyekundu, ambayo familia hii imeyapanda tangu mama mkwe wa Bibi Moshi akiwa msichana, na ambayo Bibi huyatundika juu ya jiko yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Ndiyo maana akaitwa hivyo.

Sasa Kampuni inasema mahindi hayo ni yake. Imeyasajili. Anayeyapanda lazima anunue mbegu kwake kila msimu, kisha aiuzie yenyewe mavuno, kwa bei inayotaka yenyewe, kwenye mizani yake yenyewe.

Kesi inasikilizwa leo alasiri. Wakili wa wakulima, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, alimwambia Fundi: "Sheria hairuhusu mtu kusajili mbegu ambayo watu tayari wanayo. Nileteeni kitu cha kushika mkononi, kinachoonyesha mlikuwa nayo kabla Kampuni haijaja. Maneno matupu hakimu ameyachoka." Bila hicho kitu mume hatoki, na bonde zima linageuka vibarua kwenye mashamba yao wenyewe.

Na mwenye kukitafuta hicho kitu kafungiwa na magunia.

"Nani huko?" Fundi aligonga bati la mlango kwa kiganja.

"Ni mimi, shemeji. Msipige kelele."

Wakala! Nilijua mngeshtuka. Mtoto wa mwisho wa Bibi Moshi, shemeji yake Fundi, mnunuzi wa mahindi wa Kampuni, anayekaa uani hapo hapo, nyumba ya pili kutoka ghalani. Aliyenyonya ziwa moja na huyo aliye mahabusu.

"Wewe!" Bibi Moshi alisogea mlangoni. "Fungua."

"Siwezi, mama."

"Huwezi vipi? Hilo kufuli nimelinunua mimi!"

 Karatasi ikapenya chini ya mlango, nyeupe, imekunjwa mara moja. Fundi aliiokota akaisogeza kwenye mwanga wa kidirisha. Ilikuwa fupi. Ilisema wao wawili wanakubali kwamba mahindi yenye ncha nyekundu ni mali ya Kampuni, na kwamba waliyapata kwa Kampuni.

"Wewe saini, mama aweke dole gumba," alisema Wakala. "Mwanasheria wa Kampuni yuko njiani. Akiichukua hiyo, kesi inafutwa. Kaka anakula chakula cha jioni hapa nyumbani. Shemeji, si ndicho unachotaka?"

Nitawaambia ukweli, Fundi alitamani kusaini. Msimwone mbaya. Mara ya mwisho alipokwenda kumwona mumewe, alimkuta amekonda shingo, na alichouliza ni kama lile bati linalovuja lilishazibwa. Mwanamke akiulizwa habari za bati na mume aliye nyuma ya nondo, moyo unakatika. Fundi aliishika ile karatasi akaisoma tena.

"Usithubutu," alisema Bibi Moshi.

"Mama, ni mume wangu."

"Na mimi ni nani yake? Mpangaji?"

 Kutoka nyumba ya pili ilisikika cherehani ikikimbia na kusimama. Huyo ni mke wa Wakala, yule tunayemwita Mwanafunzi kwa sababu alijifunza kushona kwa Fundi, na jina likamganda hata baada ya kununua mashine yake. Yeye anashona kola za watu, hana habari kwamba mumewe amemfungia mama yake mzazi.

Ni hiyo cherehani iliyomwamsha Fundi. Vifuko!

Ngoja niwaeleze, maana si wote mliokaa kwenye meza ya mshonaji. Ukikata kitambaa kinateleza, unahitaji kitu cha kukikandamiza. Wengine huweka mawe, wengine pasi iliyopoa. Fundi, alipoolewa hapa na kufungua kibanda chake, alishona vifuko vidogo akavijaza mahindi ya mama mkwe, vizito vya kutosha na havichafui nguo. Na alivishona kwa vipande vilivyobaki vya sare ya shule ya karibu na soko, ile sare ya rangi ya karoti. Shule iliibadilisha ikawa ya bluu, na kitambaa kile hakijauzwa dukani tangu hapo. Wakati huo Kampuni ilikuwa haijakanyaga bonde hili hata kwa bahati mbaya.

Mahindi yenye ncha nyekundu, ndani ya kitambaa cha zamani, kwa mshono wake mwenyewe. Hicho hapo kitu cha kushika mkononi! Na kilikuwa kwenye mkoba wake wa kazi, barazani, umbali wa kurusha ndala.

"Shemeji," aliita, na sauti akaifanya ya mtu aliyechoka kubishana. "Nina suruali ya mteja, anaifuata leo. Nikae humu nikodoe macho mpaka huyo mwanasheria aje? Niletee mkoba wangu niikunje pindo."

"Ukimaliza hiyo pindo utasaini?"

"Niletee kwanza."

Wakala alizunguka nyuma. Aliikunja pembe moja ya waya wa kidirisha, nafasi ya kupita mkono tu, akaanza kuingiza vitu kimoja kimoja. Suruali ikaingia. Sindano na uzi vikaingia. Mkasi akautazama, akautazama na ule waya, akautia mfukoni mwake.

"Mkasi nabaki nao. Na hivi vifuko ni vya nini?"

Fundi aliikunjua suruali kama mtu mwenye haraka. "Vya kukandamizia kitambaa. Hata mkeo si anavyo?"

"Mambo yenu ya wanawake." Akavisukuma vyote ndani, vikaanguka sakafuni, puu, puu.

Fundi alisubiri nyayo zizunguke mbele. Kisha akapiga magoti akaokota cha kwanza, akakibusu jamani, akampa ishara mama mkwe asogee. Halafu akaona mshono.

Mshono ule haukuwa wake. Ulikuwa umepanda na kushuka, uzi mweusi juu ya kitambaa cha rangi ya karoti, mshono wa mtu anayejua kushona gunia. Akaokota cha pili. Vilevile. Aliung'ata uzi, akafumua, akamimina kiganjani.

Mchanga!

"Usinitazame hivyo," alisema Bibi Moshi, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama. Umefanya nini?"

"Mbegu zilikuwa zimelala bure humo, mwanangu. Mwaka baada ya mwaka, zimefungwa kwenye tambara, hazioni udongo. Mbegu isipopandwa inakufa, utaiachaje ife? Nikavifumua ulipokwenda msiba wa shangazi yako, nikazipanda pale nyuma ya choo. Nikakujazia mchanga ili kazi yako isilale." Akajaribu kutabasamu. "Zilikuwa zimechoka, lakini nyingi ziliota. Tena tulizila, ukasema ni tamu."

Fundi aliketi juu ya gunia. Angesema nini? Mama mtu mzima hakuiba wala hakuvunja. Alifanya alichokifanya maisha yake yote, kuona mbegu imekaa bure na kuitia ardhini. Na kwa wema huo huo ameufuta ushahidi wote, kwa sababu mahindi mapya yaliyomo kwenye magunia hayana kitambaa cha zamani wala siku ya kuzaliwa, na Kampuni itasema ni yake.

"Ningejua," alisema Bibi Moshi.

"Ungejuaje, mama?" Fundi alimshika mkono. Alitaka kumpigia kelele, akashindwa, akalia yeye.

Gari likanguruma barabarani, likazimika mbele ya ua. Mlango ukafungwa taratibu, mlango wa gari la bei. Mwanasheria wa Kampuni alikuwa na sauti ya upole kabisa, ile sauti ya daktari wa meno.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba," Bibi Moshi alijibu, maana adabu ni adabu hata kifungoni. "Nifungulie ndipo unisalimie vizuri."

"Tukishamaliza kidogo tu. Mama, hatuna ugomvi na wewe. Mbegu hii tumeipata kihalali. Mwanao huyu hapa aliapa mbele ya ofisi ya usajili kwamba aliichagua mwenyewe shambani kwake, msimu kwa msimu, kisha akatuuzia. Sisi tulimwamini. Ninyi mnawezaje kusema ni ya kwenu?"

 Fundi alimtazama mama mkwe wake, akauona uso unabadilika polepole.

"Aliapa nini?" aliuliza Bibi Moshi.

"Mwanasheria, simu yako inaita garini," Wakala alidakia haraka.

"Haiiti."

"Inaita, nimeisikia."

Yule mwanasheria alicheka kidogo, akasema atasubiri garini kwenye kivuli, lakini asisubirishwe sana. Nyayo zake zikaondoka kwenye changarawe.

Bibi Moshi aliweka mdomo kwenye upenyo wa mlango. Hakupiga kelele, na hapo ndipo ungejua ameumia.

"Ule mfuko niliokupa ulipopata shamba lako. Nilikufungia kwa kanga yangu. Nikakwambia kapande, usikose chakula nyumbani kwako. Ndio huo?"

Nje ufunguo ulilia mkononi mwa Wakala.

"Nakuuliza wewe, kitinda mimba wangu. Ndio huo?"

"Walisema ni za majaribio tu, mama." Wakala alikuwa analia, kijana mzima mwenye ndevu. "Wakaniuliza nimezitoa wapi, nikasema ni zangu. Nilitaka waone na mimi ni mkulima. Wakafurahi. Wakaniletea karatasi, nikaapa, wakanipa kazi. Sikujua wataenda kuzisajili. Sikujua watamkamata kaka!"

"Basi nenda kaseme."

"Niseme niliapa uongo? Mkionyesha leo kortini kwamba ilikuwa ya kwenu, anayeingia ndani ni mimi. Huyu wa garini ameshaniambia, wao watasema niliwadanganya na watanawa mikono. Kaka akitoka, mimi naingia." Alipiga bati kwa kichwa, si kwa nguvu. "Nimekwama, mama. Nimekwama kuliko nyinyi. Sainini tu, nawaomba. Tutakuwa wote nyumbani."

Mmeona? Mmekuwa mkimtukana wiki sita, na mimi nimewachochea. Bado ni msaliti, simsamehei hata senti. Lakini kilio kile hakikuwa cha uongo.

Fundi alijifuta macho kwa suruali ya mteja. Akaanza kuvikusanya vile vifuko kwa mazoea, jinsi anavyovikusanya kila jioni, akivipanga viwili viwili. Cha mwisho kikabaki peke yake bila mwenzake. Akapapasa sakafuni. Akachungulia nyuma ya gunia.

Halafu akasimama wima.

Siku Mwanafunzi alipohitimu, mbele ya wazazi wake na majirani, Fundi alimpa kipimio kipya na kifuko kimoja, kianzio cha meza yake. Hiyo ilikuwa kabla Wakala hajaja hata kumposa, na kabla Kampuni haijafika bondeni. Na watu wazima wote waliokuwa pale wako hai, wanaweza kusimama kortini wakasema tulikiona kikitolewa. Bibi Moshi hakukigusa kifuko hicho kwa sababu hakikuwa kwenye mkoba. Kilikuwa nyumba ya pili, juu ya meza ya mke wa Wakala, kimeshikilia kola ya mtu!

Fundi akasogea kwenye kidirisha cha nyuma. Akasikiliza. Ile cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mdogo wangu," aliita kwa sauti ya chini.

"Niko hapa, dada."

Alikuwa amesimama chini ya kidirisha, mgongo umeegemea ukuta, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Macho yalikuwa mekundu. Alikuja kuuliza kwa nini sauti zinatoka ghalani, akakuta mumewe anaongea na mama yake mlangoni, akasimama, akayasikia yote.

"Kile kifuko nilichokupa," Fundi alinong'ona. "Bado unacho?"

Mwanafunzi alifungua kiganja. Kilikuwamo. Kimechakaa pembeni, rangi ya karoti imefifia, lakini mshono umenyooka, ule mshono wa Fundi ambao haukosewi. "Nilikuwa nakitumia ulipotaja vifuko hapa kidirishani, nikatoka nacho." Akakibonyeza kwa kidole. "Siku zote nilidhani ni choroko."

"Nipe. Pitisha hapo kwenye pembe. Haraka, mdogo wangu."

Mwanafunzi hakusogeza mkono.

"Dada, nikikupa hiki, shemeji anatoka."

"Ndiyo."

"Na mume wangu anaingia."

 Mwaka mzima Fundi alimfundisha msichana huyu kupiga tundu la kifungo, na sasa alitaka amwombe amfunge mumewe ili yeye apate wake. Akafumba macho. Huko mbele mwanasheria alipiga honi mara moja, kwa upole wake ule ule.

"Mimi siwezi kuamua," alisema Mwanafunzi. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye futi. "Mama, uko hapo? Niambie wewe. Wote wawili ni wako."

Bibi Moshi alikuja kidirishani. Ni mfupi, ilibidi apande juu ya gunia la mahindi yake, na Fundi akamshika kiuno asianguke. Alimtazama mkamwana wake mdogo kwa muda. Mikono yake ilikuwa inanuka moshi kama siku zote, na ilikuwa imetulia kuliko ya mtu yeyote uani pale.

"Huyu mkubwa aliuza debe moja la mbegu yetu kwa jirani ambaye angelala njaa," alisema. "Huyu mdogo amewauzia majirani wote, na watoto wao ambao hawajazaliwa. Nimemzaa mimi, namjua. Ni mwoga tu, hana roho mbaya."

"Kwa hiyo, mama?"

"Kwa hiyo lete." Akaupitisha mkono kwenye pembe ya waya, ukamkwaruza hadi kiwiko, akafungua kiganja. "Na mwambie mumeo chakula chake huko ndani nitampelekea mwenyewe, kwa miguu yangu, kila siku ya Mungu, mpaka atoke. Mwambie hivyo. Asije akafikiri mama yake amemtupa."

Hapo Fundi alishindwa kujizuia, akalia kwa sauti. Mwanafunzi naye. Kifuko kikaondoka kwenye kiganja kimoja kwenda kwenye kingine, na vidole vya Bibi Moshi vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kukunjika juu yake.

"Mke wangu. Umeshika nini?"

Wakala alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala. Hakuna aliyejua amekuwa pale tangu lini, wala amesikia kiasi gani. Aliutazama mkono wa mama yake uliotokeza ukutani, unatoka damu kidogo, umekumbatia kitambaa cha rangi ya karoti, na mkono wa mkewe juu yake.

Kisha akaanza kuwasogelea. Mkono wake mmoja ulikuwa na mkasi wa Fundi. Mwingine ulikuwa na ufunguo.